Pampu Haitengenezwi Kila Mara

Niliolewa Kwamsisi, Handeni, nikitokea Korogwe, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mkonge. Babu yangu aliletwa huko kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Kila jirani yetu alikuwa na kabila lake, kwa hiyo tulisema Kiswahili tu. Shule niliiacha kidato cha pili mama alipougua, na kwa miaka mingi sikuifikiria tena. Nilipofika miaka thelathini na nane, mtoto wangu wa mwisho akiwa ameanza darasa la kwanza, nilimwambia mume wangu kwamba nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakubisha. Aliuliza tu Jumamosi nani atapika, nikamwambia atapika yeye. Akapika. Ugali wake ulikuwa na madonge, lakini watoto waliula.

Masomo yalikuwa kila Jumamosi Korogwe mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilitoka nyumbani alfajiri kwa bodaboda hadi barabara kuu, nikapanda basi mpaka Segera, na pale, wakati nasubiri gari la Korogwe, nikamalizia mazoezi ya Jumamosi iliyopita, daftari likiwa mapajani na kikombe cha chai pembeni. Darasani tulikuwa watu wazima watupu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama mstaafu, mzaliwa wa Mpale, mtu wa sauti ndogo, anayeandika ubaoni polepole kama anayebana matumizi ya chaki.

Jumamosi moja alitufundisha maneno yanayosema jambo hutokea mara ngapi. Aliyaandika kuanzia juu kwenda chini: "always", yaani siku zote; kisha "usually", kwa kawaida; "often", mara nyingi; "sometimes", mara nyingine; na chini kabisa "never", yaani hata siku moja. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Kama kitenzi ni cha kawaida, neno hilo hukaa kabla yake. Kama kitenzi ni "is" au ndugu zake, neno hukaa baada yake. Niliielewa. Nilijiona mwerevu, na nilipigia mstari kichwa cha somo kwa rula.

Baada ya chai akaingia kwenye kauli ya kutendwa, na hapo ndipo nilipopotea. Sentensi ya kutendwa ina "is", na papo hapo ina kitenzi kingine mbele yake. Aliandika kwamba maji huchotwa: "Water is drawn." Nikajiuliza hilo neno la mara ngapi sasa nitaliweka wapi. Nifuate kanuni ya kwanza, nikitafute kitenzi niliweke kabla yake, au nifuate ya pili, niitafute "is" niliweke baada yake? Nilikaa na swali hilo dakika nzima nikiona kanuni mbili zinagombana, mpaka mwalimu alipoandika jibu: "Water is often drawn." Neno lilikuwa katikati, limezitii zote mbili kwa pamoja. Wenzangu waliandika wakaendelea. Mimi nilibaki nalitazama lile neno katikati, nikihisi nimedanganywa mahali fulani bila kujua ni wapi.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nalo neno hilo tayari. "Huchotwa." Neno moja. Mara nyingi iko ndani yake mwanzoni, kwenye "hu", kutendwa kuko ndani yake mwishoni, kwenye "wa", na hakuna anayeuliza nani akae wapi. Nilimwambia mwalimu hivyo. Alitabasamu, akasema ni kweli, halafu akasema mtihani hautanipa alama kwa hilo.

Kijijini nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu, si kwa sababu nyingine. Tulikuwa na kisima cha pampu ya mkono kilichochimbwa na wafadhili fulani kutoka nje, na aliyeitunza pampu hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa baba mkwe wangu. Hakuajiriwa na mtu. Waliochimba walimfundisha kwa siku chache, wakamwachia spana na kamba, wakaondoka. Tangu hapo pampu ikikataa, mtu huenda kwake, naye hufunga gunia la spana nyuma ya baiskeli na kwenda. Ni mtu mrefu, mkimya, ambaye Kizigua ndicho alichokizoea. Kiswahili hukitumia kwa uangalifu, kama nguo ya Ijumaa. Miaka yote niliyoishi kwake hajawahi kuniinulia sauti.

Wafadhili walipotuma fomu wakitaka kujua hali ya kisima, na fomu ikawa ya Kiingereza, mwenyekiti wa kijiji aliniletea mwenyewe nyumbani. Alisema mimi ndiye ninayesoma Kiingereza. Ningeweza kumwomba asubiri hadi Jumamosi nimwonyeshe mwalimu. Sikumwomba. Nilitaka nionekane najua.

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya kueleza. Nilitaka kusema mambo matatu: kisima hutumika sana; pampu huharibika mara nyingine; na ikiharibika haitengenezwi kila mara, maana vipuri havipatikani. Sentensi ya kwanza iliniendea vizuri. Ya pili niliandika: "The pump is sometimes broken." Ya tatu ndiyo iliyonikalisha mezani hadi chai ikapoa. Kwenye Kiswahili kukanusha kumeshikana na kitenzi chenyewe, "haitengenezwi," hakubanduki. Nikaona basi na kwa Kiingereza "not" lazima ishikane na kutengenezwa, "not repaired," nisivitenganishe. Halafu lile neno la mara ngapi likae baada ya "is", kama kanuni inavyosema. Nikaandika: "The pump is always not repaired." Niliisoma mara mbili. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sababu ya vipuri sikuiandika, nafasi ilikuwa imekwisha. Nikatia sahihi.

Wageni kutoka kwa wafadhili walikuja baada ya wiki kadhaa, asubuhi, wawili, pamoja na mkalimani, mama wa makamo mwenye miwani. Tuliwapokea ofisi ya kijiji. Kamati yote ilikuwepo, na baba mkwe alikuwepo amevaa kofia yake ya kwendea msikitini, gunia la spana likiwa miguuni, maana alidhani watataka kuona kazi. Mmoja wa wageni alitoa fomu yangu, akasoma, akauliza kitu. Mkalimani akatugeukia.

"Wanauliza," alisema, "ripoti yenu inasema pampu wakati mwingine huvunjwa, na kwamba haitengenezwi hata siku moja. Wanataka kujua nani anaivunja, na kwa nini hakuna anayeitengeneza."

Mwenyekiti alinitazama mimi. Mimi nilimtazama mkalimani nikidhani amekosea, nikasubiri ajisahihishe. Baba mkwe aliinamisha kichwa akalitazama gunia lake kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kwa utulivu, "Kaandika nani?"

"Mimi, baba," nilisema.

Alisubiri kikao kiishe, akawapa wageni mkono mmoja mmoja, na alipotoka aliliacha gunia mlangoni mwa ofisi, kwenye kona ambapo mwenyekiti huweka jembe lake.

Nilimfuata mkalimani hadi kwenye gari. Nilimwambia sikumaanisha hivyo, nilimaanisha haitengenezwi kila mara. Alinionea huruma. Aliifungua fomu juu ya boneti, akaweka kidole. Alisema tatizo ni kwamba "always" imetangulia "not". Hivyo maana yake ni kwamba siku zote hali ni ileile ya kutotengenezwa. Ningeanza na "not", ingekuwa nilivyotaka. Na hiyo "is broken" haisemi kama pampu imeharibika yenyewe au imevunjwa na watu. Yeye alichagua kuvunjwa, kwa vile mgeni aliuliza kwa namna hiyo. Nikamuuliza kama anaweza kuwaeleza. Aliahidi atawaeleza njiani. Gari liliondoka nikiwa bado nayasogeza yale maneno mawili kichwani, hili mbele, lile nyuma, na kila nilipoyageuza yalionekana sawa tu.

Baba mkwe hakubadilika nyumbani. Nilimpa shikamoo asubuhi, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za watoto. Lakini pampu ilipokataa, kama siku kumi baadaye, na mtu akaenda kumwita, alijibu kwamba gunia liko ofisini na yeye anakwenda shambani. Mwenyekiti alijaribu spana mwenyewe, akajikwaruza vidole. Tukarudi kuchota maji lamboni, mwendo mrefu, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wanawake niliotembea nao hawakunilaumu. Walizungumza mambo mengine, mahindi, harusi. Ningependelea wanilaumu, maana ningejua la kujibu.

Jumamosi nilimpelekea mwalimu nakala ya fomu na kumweleza yote. Aliisoma kwa makini, kalamu nyekundu mkononi, lakini hakuitia alama.

"Hapa 'not' haikai na 'repaired'," alisema. "Inakaa na 'is'. Kwanza 'is', kisha 'not', kisha 'always', mwisho 'repaired'."

Nilimuuliza kwa nini. Kinachokanushwa ni kutengenezwa, si "is". Kwa nini "not" ikae mbali na kitu inachokikanusha, na neno jingine liingie katikati yao?

Alifikiri. Alivua miwani akaisafisha kwa kanga. "Sijui," alisema. "Nimefundisha miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Ndivyo wanavyosema wenyewe."

Jibu hilo lilinichanganya kuliko kosa lenyewe. Nilikuwa nimekuja kutoka Handeni nikiamini kuna mtu anayejua. Kisha yeye akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: hiyo pampu hutengenezwa na nani? Nikasema na baba mkwe wangu. Akauliza mbona simwoni popote kwenye sentensi.

"Ulitufundisha kwamba kwenye kutendwa mtendaji anaweza kuachwa," nilisema.

"Nilisema anaweza. Sikusema lazima."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, nilimfuata baba mkwe kwenye shamba la mihogo. Alikuwa amekaa kwenye tuta anakunywa maji. Niliketi chini mbali kidogo, kama inavyopasa, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: kanuni ya kwanza, kanuni ya pili, "not" na "always". Nilichukua vijiti vitatu vya mihogo nikavipanga kwenye udongo, nikamwonyesha jinsi nilivyovipanga na jinsi nilivyopaswa kuvipanga. Yeye hupanga vyuma vya pampu kwa mpangilio, kimoja kikiruka zamu yake kazi haiendi, kwa hiyo niliamini hapo atanielewa. Alivitazama vijiti kwa heshima.

"Sijaelewa," alisema.

"Hata mimi, baba," nilisema.

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wageni waje. Nikamwomba msamaha. Nilimwambia nataka kuandika barua nyingine, niseme kwamba pampu hutengenezwa na yeye, siku zote. Alitikisa kichwa.

"Usiandike siku zote. Mwaka ule wa mvua kubwa ilinishinda, mkakaa bila maji hadi mlipochoka. Andika mara nyingi. Na mimi nina jambo la kukuambia, mwanangu." Alishika bega lake la kulia. "Hili haliinuki tangu mfungo uliopita. Yale mabomba ya ndani ni mazito kuyavuta. Siku ile niliposikia yale maneno niliumia, siwezi kukuficha. Lakini nilipofika njiani bila gunia, nikajiona mwepesi. Ndiyo maana sikusema nawe. Nilikuwa naona haya."

Wiki zote zile nilikuwa nimebeba kosa moja, nikilijua umbo lake na uzito wake, na sasa nilikuwa sijui kama nililolifanya ni baya, au ni baya kwa kiasi gani. Nilimuuliza kama basi nisimwandike. Akasema niandike. Akasema niandike pia kwamba amechoka, na kwamba wanawake wawili wa kamati wafundishwe, kwa sababu ndio wanaochota na ndio wanaosikia pampu ikianza kulia kabla haijakataa. Mmoja awe mimi.

Barua ile niliiandika Segera, nikaipeleka kwa mwalimu kabla ya kuituma. Safari hii niliandika sababu ya vipuri, na nilimweka baba mkwe ndani: pampu kwa kawaida hutengenezwa na baba mkwe wangu, "is usually repaired by my father-in-law." Halafu niliandika kwamba mara nyingi amechoka, "he is often tired," nikakwama tena. Ilionekana sawasawa na kutendwa: "is", neno la mara ngapi, kisha neno linaloishia kama "repaired". Nikamuuliza mwalimu kama hiyo nayo ni kutendwa, na kama ni kutendwa, amechoshwa na nani? Alisema hapana, hapo ni sifa tu ya mtu. Nikauliza nitajuaje tofauti. Alisema nitajua kwa maana. Niliandika jibu hilo kwenye daftari, na bado sijui la kulifanyia.

Baba mkwe alilichukua gunia lake ofisini. Alikaa kwenye ukingo wa zege wa kisima, bega lake likiwa limefungwa kitambaa, akatuelekeza mimi na jirani yangu. Tulifungua kichwa cha pampu, tukavuta fimbo za chuma moja baada ya nyingine, tukazilaza kwenye majani makavu kwa mpangilio aliotaka. Mpira wa ndani ulikuwa umechakaa. Kwa vile vipuri havikuwepo, alitukatia mwingine kutoka kwenye tyubu ya zamani ya trekta, akaupima kwa jicho. Ilituchukua tangu asubuhi hadi alasiri, na mara mbili tulirudisha fimbo kinyume. Hakutukemea. Kila mara alisema tu, "Toeni, anzeni tena." Jirani yangu aliuliza kwa nini fimbo fulani itangulie na nyingine ifuate. Yeye alijibu mara moja, kwa maneno machache, na jibu lake lilitosha. Nilimwonea wivu.

Maji yalitoka, machafu kwanza, kisha safi.

Mtihani niliufanya mwaka huo. Kwenye karatasi ya Kiingereza kulikuwa na swali la kupanga maneno, sentensi tatu kati yake zikiwa za kutendwa. Nilizipanga haraka, bila kufikiri, kama mtu anayevuka daraja bila kutazama chini. Nilifaulu Kiingereza kwa alama D. Mwalimu alisema hongera, mume wangu akachinja kuku, na mimi nilifurahi, ingawa sikuweza kusema ni zipi kati ya zile sentensi nilizipata.

Muda mfupi baadaye lilifika boksi dogo kwa basi, na bodaboda akatuletea kutoka barabara kuu. Ndani kulikuwa na mipira kumi na miwili ya pampu, saizi yetu kabisa, na barua fupi. Mwenyekiti aliwaita wanakamati ofisini ili niisome. Wafadhili walishukuru kwa maelezo yetu. Walimtumia salamu baba mkwe, wakamtaja kama fundi, na niliposoma hapo alitazama pembeni. Sentensi ya mwisho ilisema: "Spare parts are not normally sent to villages."

Kila neno lilikuwa mahali lilipopaswa kuwa. "Are", kisha "not", kisha neno la mara ngapi, kisha "sent". Nilijua kuitafsiri bila shaka yoyote: vipuri kwa kawaida havitumwi vijijini. Lakini wametuma. Basi wametupendelea, na watatuma tena tukiwaandikia? Au wanatuonya kwamba hii ni ya mwisho? Na asiyetuma ni nani, maana hawakujitaja? Nilimpigia mwalimu simu, nikamsomea. Aliniomba nisome tena, kisha akasema inaweza kuwa lolote kati ya hayo.

Mwenyekiti alikuwa amekaa na karatasi tupu na kalamu, akisubiri. Alitaka kujua tujibu nini: tushukuru tu, au tushukuru na kuomba vingine. Niliisoma barua mara ya nne, nikamwambia sijui. Tukashukuru.